Chumvi ya Jirani wa Chini

Kabla ya Goris, mawe yalianza kusimama.
Sijui niseme vipi: tulikuwa tunateremka,
gari la Zaven likinuka petroli na maganda ya jozi,
mara kando ya barabara mawe yamesimama,
membamba, yamechongoka, rangi ya mkate usioiva,
kama watu waliotoka nje kutazama nani anapita.

"Hayo ni majivu," Zaven akasema, bila kuulizwa.
"Mlima ulitema, majivu yakaganda, mvua ikala palipo laini.
Kilichobaki ni kile kigumu."
Bibi, kiti cha nyuma, bakora na mfuko wa maharagwe mapajani:
"Kama mimi," akasema.

Daraja linaning'inia juu ya bonde kwa kamba za chuma.
Tulimwambia akae, tutapiga picha tumletee.
Akatutazama kama mtu anayekagua noti bandia.
Akavuka wa kwanza,
daraja likimyumbisha, naye akiliyumbisha daraja,
wakashindana hivyo mpaka ng'ambo.

Na ng'ambo, matundu.
Mlima mzima umeliwa kama sufu iliyoingiwa na nondo,
ghorofa juu ya ghorofa, na hakuna aliyejenga:
waliondoa tu, wakaondoa,
mpaka pakapatikana pa kulala.
Paa la huyu ndilo ua wa yule.
"Ukicheza usiku," Bibi alikuwa akinisimulia,
"vumbi linaingia mchuzi wa wenzako."

Alizaliwa humu. Alihamishwa akiwa na miaka kumi na mitatu,
serikali ilipokuja na lori na orodha
ikasema binadamu hakai shimoni,
ikawapa nyumba za mraba kule juu, uwandani,
ambako upepo, anasema, haukuwa na adabu.

Tulitafuta pango lake tangu saa nne hadi jua la utosi.
Hili lina tanuri, halina shubaka la taa.
Hili lina shubaka, ila tanuri liko kushoto.
Hili wamelala kondoo, samadi hadi vifundoni.
"Bibi," nikasema, "yote yanafanana,"
neno ambalo leo ningelipa pesa kulirudisha mdomoni.

Akaniacha hapo hapo.
Akasogea hadi kwenye bapa la jiwe lenye nyasi kavu,
akapangusa kwa mguu,
akainua kiatu,
akakita. Mara tatu. Akangoja. Mara moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yao.
Mara tatu: jirani wa chini, una chumvi?
Moja ya mwisho: ni mimi, Arusyak, si mdeni mwingine.
Huko chini alikaa Shoghakat na wanawe watano,
na Shoghakat ana miaka arobaini kaburini.

Mbayuwayu wakapita.
Kisha sauti, kutoka ndani ya jiwe:
"Nani huyo?"

Zaven akajishika kichwa. Mimi nikamshika Zaven.
Bibi peke yake hakushtuka.
Akainama ukingoni, kwa hasira ya zamani:
"Nani mwingine? Lete chumvi."

Akatokea kijana, kamera shingoni, nywele tele vumbi,
mwanafunzi wa Gyumri aliyeingia kukwepa jua,
yai la kuchemsha mkononi, limemenywa nusu.
Akamtazama Bibi. Akatutazama sisi.
Akarudi ndani bila neno,
akatoka na kikaratasi kilichokunjwa,
akanyoosha mkono juu, Bibi akanyoosha wake chini,
na kwa kitambo vidole havikufikiana,
hadi Zaven alipomshika koti, akamteremsha kidogo
kama ndoo.

Hakulia. Alionja kwa ncha ya ulimi.
"Ya dukani," akasema.
Akaifunga kwenye pembe ya leso, fundo mbili.
"Nitairudisha kesho."

Yule kijana, Mungu amweke, akajibu,
"Hakuna haraka, mama."

Usiku, Goris, maharagwe yaliiva
na mwenye nyumba hakuwa na chumvi ndani.
Leso ilikuwa mezani, karibu na mkono wa Bibi.
Tuliitazama, tukatazamana,
tukala hivyo hivyo.